Kutoboa siri: Fumbo la mauaji katika tamthilia zetu

Kiswahili kina vitenzi vingi vya kueleza namna siri inavyotoka ilikofichwa. Siri hufichuliwa, hufunuliwa, huvuja, hupasuka. Na katika mazungumzo ya kila siku, siri hutobolewa. Kitenzi hiki cha mwisho ndicho ninachotaka tukiangalie leo. Kutoboa ni kutia tundu kwa kitu chenye ncha, kama sindano, msumari au mkuki. Vijana wetu nao wamekipa maana nyingine. Wakisema fulani "ametoboa", wanamaanisha kwamba amefanikiwa maishani, amepenya pale wengine walipokwama. Maana hizi tatu, yaani kutia tundu, kutoa siri na kufanikiwa, zinakutana mahali pamoja katika historia ya sanaa zetu za maonyesho: katika mchezo wa mauaji.

Ninaposema mchezo wa mauaji ninamaanisha ile tamthilia ya kihistoria yenye waigizaji wachache, ambapo mtu mmoja anauawa na waliobaki wanatazamana kwa shaka. Aina hii ilishamiri sana Uingereza. Mfano wake mashuhuri ni The Mousetrap wa Agatha Christie, ulioanza kuonyeshwa London tarehe 25 Novemba 1952. Huo ndio mwaka ambao Jumba la Kitaifa la Maonyesho lilifunguliwa Nairobi, na ndio mwaka ambao serikali ya kikoloni ilitangaza hali ya hatari nchini. Mchezo huo umeendelea kuonyeshwa tangu siku hiyo, ukasimamishwa Machi 2020 kwa sababu ya korona na kurejeshwa mwaka uliofuata. Una wahusika wanane tu. Wamekwama katika nyumba moja, theluji imefunga njia, na mmoja wao ni muuaji. Kila onyesho likiisha watazamaji huombwa wasimwambie mtu yeyote jina la muuaji. Nami ombi hilo nitaliheshimu.

Mchezo wa namna hii una kanuni zake. Kwanza, mahali pafungwe, ili muuaji asiwe mpita njia. Pili, watu wawe wachache, ili mtazamaji aweze kuwahesabu kwa vidole na kumshuku kila mmoja. Tatu, dalili zitolewe kidogo kidogo. Nne, mwishoni jina litajwe, polisi wafanye kazi yao, na watazamaji warudi nyumbani wakalale. Fumbo limeteguliwa. Swali lake kuu ni "Nani aliyeua?", na swali hilo likishajibiwa hakuna kinachobaki.

Lakini tusidhani kwamba aina hii ilizaliwa Uingereza. Mwaka 1971 msomaji wa Kiswahili alipata Mfalme Edipode, tafsiri ya S. S. Mushi ya tamthilia ya Sophocles wa Ugiriki ya kale. Humo mna tauni, na tauni haitaondoka mpaka muuaji wa mfalme aliyetangulia apatikane. Anayeongoza upelelezi ni mfalme mwenyewe. Anaita mashahidi, anawahoji mmoja mmoja, anamkaripia mbashiri, anamlazimisha mchungaji mzee aseme. Mwisho anagundua kwamba muuaji anayemtafuta ni yeye mwenyewe. Sophocles hakuhitaji umati wa waigizaji kufanya haya. Aristotle anatueleza kwamba ni yeye aliyeongeza mwigizaji wa tatu jukwaani. Kwa hiyo waigizaji watatu waliobadilishana sura za kuvaa, pamoja na kwaya, walitosha kubeba mchezo mzima. Na hapa kuna jambo la kuzingatia: watazamaji wa Athens walikuwa wanakijua kisa hicho tangu utotoni. Hawakwenda kumjua muuaji. Walikwenda kumtazama mtu akijitafuta bila kujua kwamba anajitafuta.

Hebu sasa turudi kwetu. Hadithi ya upelelezi ya Kiswahili ilianza vizuri sana katika riwaya. Muhammed Said Abdulla wa Unguja alishinda shindano la uandishi la miaka ya 1957 na 1958 kwa Mzimu wa Watu wa Kale, kilichochapishwa kuwa kitabu mwaka 1960. Akatupa Bwana Msa, mpelelezi mwenye kiko, mtulivu, mwenye jicho la kuona ambacho wengine wamekipuuza. Vikafuata Kisima cha Giningi, Duniani Kuna Watu, Siri ya Sifuri na vinginevyo. Faraji Katalambulla naye akatoa Simu ya Kifo mwaka 1965. Wasomaji walivipapia vitabu hivi.

Kwa nini basi jukwaa letu halikupata Bwana Msa wake? Tuna tamthilia za kihistoria, za kisiasa, za ndoa na za ufisadi. Mauaji yamejaa ndani yake. Lakini tamthilia ambayo mtazamaji anakaa saa mbili akikisia muuaji, hiyo ni adimu kama mvua ya Januari. Ninadhani ziko sababu mbili.

Ya kwanza inahusu hadhira. Kwa miaka mingi sasa, hadhira kubwa kuliko zote ya tamthilia ya Kiswahili nchini Kenya ni watahiniwa wa kidato cha tatu na cha nne. Vikundi vya waigizaji huzunguka shule kwa shule, vikibeba mavazi kwenye gari moja, na kuigiza vitabu teule kwenye bwalo la chakula. Aghalabu ni vikundi vya watu wachache; mwigizaji mmoja hucheza askari asubuhi na mama mzazi dakika kumi baadaye, leso tu ikiwa tofauti. Mwanafunzi anayewatazama ameshakisoma kitabu, na pengine mwalimu ameshamwandikia muhtasari ubaoni. Utamfichaje muuaji? Mwandishi anayejua kwamba mchezo wake utatazamwa na watu wanaoujua mwisho hawezi kutegemea mshtuko. Analazimika kutegemea kinaya, yaani ile hali ya mtazamaji kujua jambo ambalo mhusika halijui.

Sababu ya pili ni ya kale zaidi. Bibi zetu walipotusimulia hadithi jioni, katika nyumba ile ambayo Wajaluo huiita siwindhe, hawakutusimulia mara moja tu. Tuliisikia sigana ileile mara kumi, na tulimkosoa bibi akiruka kipande. Raha haikuwa katika kuujua mwisho. Raha ilikuwa katika kuungojea, tukijua unakuja, na kumwonea uchungu anayeuendea kwa miguu yake mwenyewe.

Kwa hiyo ninasema hivi. Mchezo wetu wa mauaji upo, tena wa tangu zamani, ila swali lake ni tofauti. Wenzetu wanauliza nani aliyeua. Sisi tunauliza nani aliyetoboa siri, na nani aliyemtuma.

Chukua kisa cha Fumo Liyongo, shujaa na malenga wa pwani ya kaskazini, ambaye Muhammad Kijumwa wa Lamu aliandika utenzi wake mwaka 1913. Liyongo hauawi na silaha ya kawaida. Ipo siri moja tu: sindano ya shaba itiwe kitovuni. Mtawala anayemwogopa hawezi kuipata siri hiyo kwa nguvu, basi anaitafuta kwa ahadi. Anamwita mwana wa Liyongo na kumwahidi makubwa, pamoja na kumwoza binti yake. Kijana anakwenda kwa baba yake na kumuuliza kinachoweza kumuua. Liyongo anashuku, lakini anamwambia. Kijana anamtoboa baba akiwa usingizini. Liyongo anaamka, anachukua upinde na mshale, anakwenda kupiga goti karibu na kisima na kufa katika hali hiyo. Watu wa mji wanaona kiu siku baada ya siku kwa kuogopa maiti, wakidhani yu hai.

Tazameni kitenzi chetu kilivyofanya kazi. Mwana alitoboa siri ili atoboe mwili, na alitoboa mwili ili atoboe maishani. Maana tatu, kijana mmoja.

Miaka karibu tisini baadaye, mwaka 2001, Kithaka wa Mberia alichapisha Kifo Kisimani. Wengi wenu mliisoma ilipokuwa kitabu teule. Mwelusi anampinga Mtemi Bokono wa Butangi. Gereza halimnyamazishi. Basi utawala unamtafuta mtu wa karibu naye, nduguye Gege, na kumtia tamaa ya kumwoa Alida, binti wa Mtemi. Mauaji yanafanyika kisimani. Kisima, ahadi ya ndoa, mkono wa jamaa: sioni namna ambavyo haya yote yangekuwa sadfa. Mwandishi amekichukua kisa cha pwani akakigeuza kuwa kioo cha siasa za bara. Na hakuna hata ukurasa mmoja ambapo msomaji anaachwa akijiuliza ni nani muuaji. Tunamwona Gege akinunuliwa. Tunalojiuliza ni kama ataweza, na wale walionunua mkono wake watafikiwa vipi.

Upande wa Ziwa tuna ndugu wa Liyongo. Lwanda Magere ni shujaa wa Kano ambaye mwili wake ulikuwa mgumu kama jiwe, na mikuki ya Wanandi ilikuwa ikimgonga na kuanguka. Masimulizi yake yanajulikana kutoka Kisumu hadi Homa Bay na Migori. Wanandi walimpelekea binti awe mkewe. Wazee wa ukoo walimtahadharisha, hakusikia. Siku moja akaugua, akamwambia mke huyo akichanje kivuli chake na kukipaka dawa, kwa maana uhai wake ulikuwa kivulini. Mke akaijua siri, akaondoka nayo usiku. Katika vita vilivyofuata mkuki ulirushwa kwenye kivuli, na Magere akaanguka akageuka jiwe. Okoiti Omtatah aliitoa tamthilia yake ya Kiingereza, Lwanda Magere, mwaka 1991, miaka mingi kabla ya kuwa seneta wa Busia.

Kwa kawaida kisa hiki husimuliwa kama onyo kuhusu wanawake, hasa wanawake wageni. Ndiyo hukumu iliyokwisha kutolewa, na kila kizazi kinairudia bila kufungua jalada. Lakini mtu akikisoma kama mpelelezi, mambo yanakuwa mengi. Nani aliyeamua binti apelekwe? Si yeye, ni baba zake. Nani aliyemkubali? Ni Magere, kinyume cha ushauri wa wazee. Nani aliyemwonyesha mahali pa kukata? Ni Magere tena, kwa kinywa chake. Na mikayi, yaani mke wa kwanza, alikuwa wapi siku hiyo, na je, alikuwa akiijua siri hiyo miaka yote bila kuitamka? Hakuna hata moja kati ya maswali haya linaloibadilisha hadithi. Yote yanabadilisha lawama. Na yote yanaweza kuulizwa jukwaani na waigizaji sita tu: Magere, mikayi, bibi harusi, mzee wa ukoo, mzee wa Kinandi, na jabilo, yaani mganga wa vita.

Mahali pa kuufungia mchezo kama huo pia tunapo, na hatuhitaji theluji. Kaskazini magharibi mwa mji wa Migori kuna Thimlich Ohinga, makazi yaliyozungushiwa kuta za mawe yaliyopangwa bila saruji wala udongo. Yanakadiriwa kujengwa katika karne ya 16, na mwaka 2018 UNESCO iliyaingiza katika orodha ya urithi wa dunia. Kuta zake zinapita kimo cha mtu. Milango yake ni midogo makusudi, ili anayeingia ainame na shingo yake iwe mikononi mwa mlinzi. Ohinga ni neno la Kijaluo la boma la namna hiyo. Mtu akiuawa usiku ndani ya ohinga, na asubuhi mlango ukakutwa umefungwa kwa ndani, hakuna haja ya kumtafuta muuaji porini. Kikulacho ki nguoni mwako.

Miaka michache iliyopita mwalimu mmoja wa Kiswahili, niliyemfundisha chuoni, aliniletea mswada wa mchezo uliojengwa juu ya wazo hilo hilo. Anafundisha katika shule ya mseto kati ya Rongo na Homa Bay. "Prof," akaniambia, "nina wanafunzi sita tu wanaoweza kushika maneno. Na jukwaa langu ni bwalo." Nikamwambia sita wanatosha, Sophocles alikuwa na watatu.

Nilikwenda kuwatazama wakifanya mazoezi. Kichwa cha boma amekutwa amekufa alfajiri, hana jeraha mwilini, ila kwenye ukuta palipoangukia kivuli chake pana mkuki umekwama. Shida kubwa ya utayarishaji ilikuwa kivuli. Kivuli cha mtu jukwaani hakiendi unakotaka. Taa za dari zinakisambaza mpaka hakionekani. Walijaribu tochi ya simu, ikatoa kivuli chembamba chenye kutetemeka. Mwishowe walizima taa zote, wakatundika shuka nyeupe, wakaweka nyuma yake taa moja ya kandili chini sakafuni. Mwigizaji akisogea karibu na taa, kivuli chake kinakua hadi darini. Akisogea mbali, kinarudi kuwa cha binadamu. Kwa gharama ya shuka na mafuta ya taa, walipata jitu.

Jambo la pili lililonivutia halikuwa la taa. Katika mswada wa kwanza, aliyepatikana na hatia alikuwa mke mgeni. Msichana aliyeigiza nafasi hiyo, mtoto wa kidato cha pili, alisimama katikati ya mazoezi akauliza, "Mwalimu, mbona kila mara ni mke? Kwani yeye ndiye aliyejituma?" Bwalo likanyamaza. Mwalimu alirudi nyumbani na mswada wake. Alipouleta tena, mke mgeni alikuwa angali mtoboa siri, lakini kulikuwa na onyesho jipya ambalo anahojiwa na mikayi, na katika mahojiano hayo tunasikia jinsi siri ilivyopita kutoka mkono hadi mkono hadi kwa wazee wenyewe waliokaa kutoa hukumu. Mchezo uliisha wazee wakitazamana. Hakuna aliyefungwa kamba.

Siku ya maonyesho wazazi walikuja. Baada ya kupiga makofi, mama mmoja mzee alinyanyua mkono na kutaka kujua kama wazee wale watashtakiwa lini. Watoto walicheka. Mimi sikucheka, kwa sababu katika sehemu hiyo ya Kenya swali hilo si la utani.

Homa Bay ni kaunti ya kisiwa cha Rusinga, na Rusinga ndiko alikozikwa Tom Mboya. Alipigwa risasi Jumamosi tarehe 5 Julai 1969, akitoka kwenye duka la dawa katika barabara ya Government, ambayo leo ni Moi Avenue, Nairobi. Alikuwa Waziri wa Mipango ya Uchumi na Katibu Mkuu wa KANU, na hakuwa ametimiza miaka 39. Kaburi lake limejengewa jengo lenye umbo la risasi. Ukiitazama kwa kanuni za The Mousetrap, kesi hii ilikwisha zamani. Mtu alikamatwa, Nahashon Isaac Njenga Njoroge. Akashtakiwa, akapatikana na hatia mwezi Septemba, akanyongwa mwaka huo huo. Jina limetajwa. Pazia lishuke, watu wakalale.

Watu hawakulala. Njenga mwenyewe anasemekana kuwauliza waliomkamata kwa nini hawamfuati mkubwa, na hakuna mahakama iliyowahi kumtaja mkubwa huyo. Tangu wakati huo, mazungumzo juu ya kifo cha Mboya, iwe ni Mbita, Kendu Bay au Migori mjini, hayaanzi na swali la nani alifyatua. Yanaanza pale swali hilo linapoishia. Mwaka 2019, miaka 50 baadaye, kundi la waigizaji la Too Early for Birds lilisimulia maisha na kifo chake jukwaani Nairobi, na vijana ambao wazazi wao hawakuwa wamezaliwa mwaka 1969 walijaa kutazama. Hawakwenda kulijua jina la aliyefyatua. Jina hilo liko kwenye vitabu vyao vya shule.

Hapa lazima niseme kama mtu wa historia. Swali la "nani aliyetuma" ni swali halali, lakini pia ni swali hatari. Bwana Msa alikuwa na dalili. Sisi mara nyingi tuna uvumi. Mwandishi wa tamthilia akimtaja mtu halisi kuwa ndiye aliyetuma, bila ushahidi, atakuwa amefanya kitu kile kile walichofanya wasimulizi wa Lwanda Magere: atakuwa amemchagua wa kubeba lawama kwa sababu anatufaa. Mchezo wa kihistoria una uhuru wa kuuliza. Hauna uhuru wa kubuni ushahidi. Ndiyo maana mwisho wa mchezo wa yule mwalimu ulinifurahisha. Aliacha wazee watazamane. Hakuwafungulia mashtaka ya kutunga.

Na lugha yetu ina vifaa vya kufanyia kazi hiyo, tukivijua. Angalia kauli ya kutendwa. "Mboya aliuawa." Sentensi hiyo imekamilika kisarufi, haina kasoro, mwalimu ataipigia alama ya vyema. Lakini imemficha mtenda. Kiswahili kinaturuhusu kumaliza sentensi ya mauaji bila muuaji. Ukitaka kumrudisha, unaongeza neno dogo sana, "na": aliuawa na fulani. Mpelelezi wa Uingereza anatafuta jina la kujaza nafasi hiyo baada ya "na". Likipatikana, amemaliza.

Sasa angalia kitenzi "tuma". "Fulani alitumwa." Nayo imekamilika, nayo imemficha mtu. Tofauti ni kwamba kutuma kunaweza kurudi nyuma bila kikomo: aliyetumwa alitumwa na aliyetumwa. Mchezo wetu wa mauaji umejengwa juu ya kitenzi hiki, na ndiyo sababu haumaliziki kwa urahisi. Mwana wa Liyongo alitumwa. Gege alitumwa. Binti wa Kinandi alitumwa. Kila mara mkono unaojulikana ni wa jamaa wa karibu, na mkono usioonekana uko mbali, umekalia kiti.

Kuna neno la tatu ambalo magazeti yetu yanalipenda: "inasemekana". Hapa aliyefichwa si mtenda, ni msemaji. Nani anasema? Nimelitumia aya chache zilizopita, na msomaji makini ameliona. Nililitumia kwa sababu ndilo linalofaa pale. Maneno ya Njenga tumeyapata kwa kupokezana. Lakini kila mara tukilitumia tujue tunafanya nini. Neno hilo likiingia katika masimulizi mara mia moja, uvumi huzeeka ukawa historia, na mke mgeni wa Magere hubaki na hatia milele kwa sababu inasemekana.

Kwa hiyo nina pendekezo kwa walimu wa Kiswahili wa Migori, Homa Bay na kwingineko, hasa wale wenye wanafunzi sita na bwalo. Msingoje mchezo mkubwa wenye wahusika arobaini na mavazi ya kukodi. Chukueni kisa kimoja cha kifo ambacho kijiji chenu kinakisimulia, cha zamani kiasi kwamba hakuna aliye hai atakayeumizwa. Waambieni wanafunzi wakiandike kwanza kwa kauli ya kutendwa kama kilivyosimuliwa. Halafu warudi sentensi kwa sentensi wakiuliza: na nani? Pale jibu litakapokuwa "inasemekana", waandike onyesho la mahojiano. Wahusika watakuwa watano au sita. Mahali patakuwa pamoja. Mwisho unaweza kujulikana na kila mtu, haidhuru.

Mwanafunzi aliyejifunza kuuliza hivyo atapita mtihani wake wa fasihi, bila shaka. Ataeleza kinaya na taharuki kwa mifano yake mwenyewe. Lakini atakuwa amejifunza jambo jingine pia. Tunaishi katika nchi ambapo vijana wengi, wa kiume na wa kike, wanahimizwa kila siku watoboe, na ambapo wenye viti wanawajua vizuri vijana wenye njaa ya kutoboa. Wanawalipa wapige mawe, wavunje mikutano, wamnyamazishe jirani. Kabla ya uchaguzi tunawaona wakipakiwa kwenye malori. Mwana wa Liyongo aliahidiwa binti wa mtawala, akakosa alichoahidiwa, na baba yake alikuwa ameshakufa. Kijana aliyeigiza kisa hicho kwa mwili wake mwenyewe, akashika sindano ya kuigizia mkononi mbele ya mama yake aliyeketi kwenye benchi la mbele, ana nafasi ya kumuuliza anayemtuma swali moja zaidi kabla ya kwenda.